Lori la Marehemu Baba: Kazi ya Jamaa Nzima Katika Obunga

Katika nyua nyingi za nchi ya Ziwa, tangu Kisumu mpaka Ahero na Muhoroni, mpita njia akitazama vizuri huona gari kuukuu limesimama juu ya mawe. Kuku hutaga ndani yake, na majani yameota hata yamefunika boneti. Wenyewe wakiulizwa husema, "Hilo ni la Mzee," na maneno huishia hapo. Mzee amekwisha kufa, watoto wametawanyika Nairobi na Mombasa, wala hapana mwenye ruhusa ya kuliuza au mwenye nguvu za kulitengeneza.

Habari hii ni ya lori moja la namna hiyo, Bedford la marehemu baba yetu, ambalo lilikaa uani kwetu Obunga kwa miaka mingi, na ambalo sasa jamaa yetu imelishika kulifufua. Naiandika kwa sababu wasomaji wengi wana lori kama hilo nyumbani, au trekta, au mashine ya kusagia mahindi, na maswali yaliyotukuta sisi yatawakuta na wao.

Kwanza nieleze Bedford ni nini, kwa ajili ya vijana wasioyajua magari hayo. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1931 juu ya malori ya kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, kampuni ambayo tangu mwaka 1925 ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani. Lori letu ni la aina ya J, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1958. Ni lori lenye pua: injini iko mbele chini ya boneti, dereva hukaa nyuma yake, na fundi akifungua boneti huona kila kitu kilipo bila kulala chini. Kwa sababu hiyo lilipendwa sana katika nchi ambazo karakana ziko mbali. Huko Pakistan watu waliyapamba malori ya Bedford kwa rangi na vioo hata yakajulikana dunia nzima. General Motors iliuza kazi ya malori hayo mwaka 1987, na kampuni iliyoinunua ikaanguka mwaka 1992. Basi kiwanda kilichozaa lori letu hakipo tena, wala hapana mtu wa kumwandikia barua kuuliza juu yake.

Nambari yake ni ya zamani, isiyo na herufi ya mwisho, kwa kuwa liliandikishwa kabla ya mtindo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Baba alilinunua likiwa limekwisha tumika. Alichukua mchanga wa Nyando kuwapelekea wajenzi wa mjini, na msimu wa miwa ukifika alichukua miwa mpaka Miwani, kiwanda cha sukari kilicho cha kwanza katika Kenya. Mbele, juu ya kioo, mwandishi wa mabango alimchorea maneno HARAKA YA NINI, nasi watoto tuliona haya kwa sababu wenzetu walituita kwa maneno hayo shuleni. Hata hivyo ada ya shule ile ilitoka katika lori hilo, ya sisi sote watano, wasichana kwa wavulana, na nyumba ya Obunga ilijengwa kwa mchanga uliobaki sakafuni mwake.

Msomaji asiyeijua Obunga aelewe kwamba ni mtaa wenye nyumba zilizobanana, kaskazini ya katikati ya mji wa Kisumu, na kwamba sifa yake kubwa ni mgongo wazi. Mgongo wazi ni mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda vya samaki kuchukua minofu na kuipeleka ng'ambo. Wanawake wa Obunga huinunua, huikausha, huikaanga, na kuiuza, na jamaa nyingi hula kwa kazi hiyo. Dada yetu ni mmoja wao. Lori liliposimama, yeye ndiye aliyelipa kazi mpya. Kuni zake alizipanga ndani ya bodi zisinyeshewe, na ubavu wa lori ukawa ukuta wa kuzuia upepo usizime moto wake. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu katika shauri lote lililofuata, sisi wanaume tulizungumza kana kwamba lori halina mtumiaji, na yeye alikuwa akilitumia kila siku.

Shauri lilianza na vyuma chakavu. Mnunuzi alikuja akalipima lori kwa macho, akataja bei. Ndugu yetu mdogo, ambaye ana watoto shuleni, akataka liuzwe mara moja na fedha zigawanywe. Sikumlaumu. Mtu mwenye barua ya mwalimu mkuu mfukoni hawezi kuambiwa habari za ukumbusho. Lakini binamu yetu, ambaye ni karani, alituuliza swali moja: "Lori hili ni la nani?" Sote tukajibu, ni la Baba. Akasema, "Basi hapana hata mmoja wenu awezaye kuliuza."

Akatueleza Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu, kuiuza au kuitumia kama yake, kabla ya kupewa idhini. Na mwenye kuvunja hupasiwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi hudhani sheria hiyo ni ya mashamba tu. Hata lori bovu limo. Tena Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka mnunuzi awe na leseni, na aandike habari za mtu anayemwuzia. Biashara hiyo inatazamwa kwa jicho kali, kwani Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kabisa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliobomoa milingoti na nyaya za umeme. Yule mnunuzi aliposikia neno karatasi, hakurudi tena.

Njia yenyewe, kwa faida ya wasomaji, ni hii. Jamaa hupata barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, bila kumficha mtoto yeyote wala mjane yeyote. Kisha wale watakaosimamia mirathi huomba hati mahakamani, pamoja na ridhaa za wenzao. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida hungojwa miezi 6 kabla ya mahakama kuithibitisha na mali kugawanywa. Ni safari ndefu, na katika jamaa yetu ilisaidia kwa jambo moja ambalo sheria yenyewe haikukusudia: ilitulazimisha kukaa pamoja, maana karatasi haitoki mpaka kila mmoja ametia sahihi. Ndugu yangu mkubwa na huyu mdogo walikuwa hawajaketi mkeka mmoja tangu matanga ya Baba. Waliketi kwa ajili ya sahihi, na Mama akawapikia.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kulitengeneza. Ndugu mkubwa alisema kwamba ikiwa hatuwezi kuuza kwa muda huo, basi tusilitazame likioza. Kumtunzia marehemu mali yake isiharibike si kuigawa. Binamu karani aliona hapana ubaya, mradi lisitoke uani mpaka hati zikamilike. Tukakubaliana kila mtu atoe anachoweza kila mwezi, na mapato na matumizi yaandikwe katika daftari moja. Daftari hilo analo dada, kwa kuwa katika sisi sote yeye peke yake ndiye anayefanya hesabu za fedha kila siku bila kukosa.

Lakini kazi haikuanza siku hiyo. Wasomaji Waluo watafahamu. Kwetu mkubwa hutangulia: katika kupanda mbegu, katika kujenga nyumba, katika kuoa. Mdogo akimpita mkubwa wake, wazee huogopa chira. Wapo watakaocheka kwamba lori si shamba. Sisi hatukutaka kuacha mlango wa mtu kusema baadaye kwamba jambo lilianza vibaya. Tulingoja mpaka ndugu mkubwa apate ruhusa kazini Nairobi. Alikuja, akafungua nati ya kwanza kwa spana yake mwenyewe, kisha akatuachia.

Mwalimu wa kazi yetu ni mzee mmoja aliyekuwa taniboi wa Baba. Hakusoma ufundi popote. Alijifunza kwa kukaa nyuma ya lori miaka mingi, akishuka kuweka jiwe chini ya tairi mlimani, akipiga injini kwa mpini asubuhi, akishika taa usiku Baba alipolala chini ya gari. Mafundi wa jua kali wa karibu na Kibuye ni hodari wa magari ya Kijapani, na kwa kuchomelea bati sijaona walio bora kuliko wao. Lakini ni wachache kati yao waliowahi kufungua Bedford ya petroli ya silinda sita. Yote anayoyajua mzee huyu yamo kichwani mwake, na umri wake umekwenda. Hilo ndilo lililotuharakisha, kinyume cha maneno yaliyoandikwa juu ya kioo.

Mwanafunzi wake wa kwanza ni binti wa dada yetu, anayesomea ufundi wa magari katika Kisumu National Polytechnic. Siku ya kwanza alifika na betri mpya, akataka kuona kama injini itazunguka. Mzee akamzuia.

"Nyakwara, ukimwamsha mtu aliyelala miaka kwa kumvuta mkono, utauvunja."

"Basi tumwamsheje, Jaduong'?"

"Kwa mafuta, na kwa kungoja."

Wakazifungua plagi zote sita, wakamimina katika kila silinda mafuta mepesi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, wakaziba matundu kwa vitambaa, wakaiacha injini siku kadhaa. Sababu yake ni hii: ndani ya silinda pete za pistoni hushikwa na kutu, na ukizilazimisha kwa nguvu ya betri zitavunjika au kukwaruza ukuta wa silinda, na gharama itakuwa mara nyingi zaidi. Baada ya hapo wakajaribu kuizungusha kwa mpini, robo kwa robo, wakirudia kila jioni. Mzee alimfundisha binti jambo ambalo halimo katika vitabu vyake, kwa kuwa magari ya siku hizi hayana mpini. Dole gumba lisizunguke mpini, bali likae upande mmoja na vidole vingine. Kwani injini ikipiga kinyume, mpini hurudi kwa ghafula na kulivunja dole au kifundo cha mkono. Akamwonyesha kidole chake mwenyewe kilichopinda.

Kulikuwa na majirani waliosema injini iliyokaa muda huo wote haiwezi kufufuka. Kwa watu wa Kisumu maneno hayo hayana uzito. Mji huu ulizaliwa na kazi ya kuunga vyuma: reli ilifika hapa mwaka 1901, na meli za kwanza za Ziwa zililetwa vipande vipande na kuunganishwa ufukoni. Na meli ya MV Uhuru, inayobeba mabehewa ya reli, ilikaa bila kazi zaidi ya miaka 10 bandarini Kisumu, kisha ikatengenezwa na kuanza tena safari za Port Bell mwaka 2019. Jioni moja, baada ya majuma mawili ya mafuta, injini yetu ilizunguka. Haikuwaka, ilizunguka tu. Lakini watoto wa majirani walipiga kelele kana kwamba imeshinda mbio.

Kuwaka ni habari nyingine. Tanki la petroli lilikuwa na matope mekundu ya kutu. Njia za maji ndani ya injini zilikuwa zimeziba, kwa kuwa zamani taniboi alichota maji popote alipoyapata, hata mtoni. Nyaya za plagi zilikuwa zimeliwa na panya. Mzee alikariri mfuatano wa kuwaka, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, ambao ni wa injini nyingi zenye silinda sita katika mstari mmoja, na binti akauandika kwa chaki ndani ya boneti. Ilipowaka ilitoa moshi mwingi sana, na dada akalazimika kuziondoa sinia zake za samaki kwa haraka. Alisema maneno ambayo gazeti haliyachapi.

Yako mambo matatu ya hatari ambayo ningependa msomaji ayashike.

Breki kwanza. Breki za lori hili husukumwa na mafuta maalumu ndani ya mabomba, na ndani ya kila gurudumu mna vikombe vya mpira. Madereva wengine wa zamani wakitindikiwa na mafuta hayo walitia maji ya sabuni, au mafuta ya injini. Mafuta ya injini huufanya mpira uvimbe na kuharibika, na breki hukosa ghafula siku usiyoitazamia. Tulifungua kila gurudumu na kubadilisha mpira wote. Tulipata tabu kubwa. Duka moja la mjini, ambalo silitaji, lilituuzia vikombe vyenye kipimo kilichokaribia tu. Binti alivipima kwa chombo chake cha chuoni, akavirudisha. Mwenye duka alimcheka kwanza, kisha akamrudishia fedha.

Pili, vumbi la breki. Kitambaa cha breki za zamani kilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huleta magonjwa baada ya miaka mingi. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowekwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na watoto wasiwe karibu.

Tatu, rimu. Malori ya zamani yana rimu zenye pete ya chuma inayoshika tairi. Pete hiyo ikiwa na kutu au isipokaa sawasawa, wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu ya kumwua mtu, na imewaua wengi. Toeni upepo wote kabla ya kufungua chochote. Na wakati wa kujaza, fungeni tairi kwa minyororo au liweni ndani ya kizimba cha chuma, na mtu asimame mbali ubavuni, asielekee pete. Kazi hii hatukuifanya nyumbani. Tulilipa watu wenye kizimba.

Kisha likazuka shauri la injini. Mafundi wengi walitushauri tuitoe ile ya petroli na kutia ya dizeli ya Isuzu, kama walivyofanya wenye Bedford wengi zamani. Hoja yao si ya kudharauliwa. Petroli ni ghali, na injini ile hunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi. Tena injini nyingi za siku zile zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliacha kuiuza kufika mwaka 2006. Bila risasi hiyo, viti vya vali visivyo vigumu huliwa polepole lori likibeba mzigo mzito. Ndugu mdogo alitaka dizeli ili lori lifanye kazi na kurudisha fedha. Ndugu mkubwa alitaka libaki kama Baba alivyoliacha. Amekwisha kuona yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yafanyikayo Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, na nafikiri anajiona akisimama pale na koti lake. Mimi naona kwamba lori la kubeba mchanga lisilobeba mchanga ni sanamu, na mashindano ni ya watu wenye nafasi. Lakini injini ikitolewa, mzee hatakuwa na la kufundisha tena, kwa kuwa dizeli ya Isuzu kila fundi wa Kondele anaijua. Kwa sababu hiyo nilipiga kura pamoja na ndugu mkubwa. Tulikubaliana injini ya petroli ikae, viti vya vali vibadilishwe viwe vigumu, na shauri lifunguliwe tena baada ya mwaka mmoja.

Dada naye aliweka sharti lake, na liliandikwa katika daftari chini ya saini zetu: kabla lori halijaondoka mahali pake, ajengewe kibanda cha kuni chenye paa la mabati na ukuta upande wa upepo. Ndugu mdogo ndiye aliyekijenga, Jumamosi mbili, kwa mbao za bodi ya zamani zilizokuwa bado nzima.

Mpaka sasa lori linawaka, linashika breki, na limekwenda mbele na nyuma hatua kama 20 ndani ya uwanja wetu. Sakafu ya kebini imechomelewa upya. Bodi bado ni mifupa tu. Mahakama imekwisha kutoa hati, na tunangoja kuthibitishwa. Sote tumekubali kwa maandishi kwamba kitabu cha lori kiandikwe jina la Mama. Baada ya hapo kuna ukaguzi wa NTSA, na bima, ambayo bei yake bado tunaiulizia. Binti anajifunza kuendesha malori ili apate leseni yake. Mwandishi wa mabango ameshakuja kupima nafasi juu ya kioo. Anataka kujua kama maneno ni yale yale, na Mama amemjibu kwamba ni yale yale, ila herufi ziwe kubwa zaidi, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu.